Korongo Chini ya Magoti

Shangazi ameishiwa jamu.

Maneno matatu kwenye kioo cha Samsung, na likizo ya Verity Ashdown ikawa imekwisha.

Alikuwa kwenye kiti cha mbele cha Skoda yao kuukuu, viatu amevua, miguu ameitundika kwenye dashibodi. Mumewe Giles alikuwa anaendesha huku akipiga mluzi. Ndio kwanza walikuwa wameanza kuzoea kile kijumba walichopanga mashambani, na wazo la leo lilikuwa la Giles: twende Ormchester tukalitazame kanisa kuu, tule huko, tusali sala ya jioni, turudi. Mvua ya Agosti ilikuwa inanyesha, ile ya kuudhi, isiyotaka kukoma wala kunyesha kweli.

"Nani huyo?" Giles aliuliza, macho barabarani.

"Kazini."

"Wizara ya Uchukuzi haina likizo?"

"Kuna daraja linasumbua."

Mluzi ukakatika, na haukurudi tena.

Verity hakuwa mtu wa madaraja. Alikuwa jasusi wa idara isiyo na kibao mlangoni, mwanamke aliyewahi kuruka kutoka kwenye treni Budapest na asubuhi yake akahudhuria harusi ya wifi yake. Giles, mwalimu wa jiografia, hakuyajua hayo. Katika ndoa yao yote alijua jambo moja tu, kwamba mkewe anakagua madaraja, na kwamba madaraja ya nchi ile yana matatizo mengi sana wakati wa chakula cha usiku.

Kwenye kituo cha mafuta Verity alishuka, eti ananunua pipi za mnanaa. Akapiga simu akiwa nyuma ya rafu ya magazeti.

"Mjomba."

"Uko wapi?"

"Barabara ya Ormchester."

"Najua. Ndiyo maana ni wewe."

Mjomba, bosi wake, hakuwa mtu wa kupoteza maneno. Wiki ile kifaa kilikuwa kimeibwa katika kiwanda cha silaha huko kaskazini. Ukubwa wake kama kiberiti. Ndicho jicho la kombora, na bila hicho kombora ni bomba tu. Wezi walikwishakiingiza ndani ya kanisa kuu la Ormchester asubuhi hiyo, na baada ya sala ya jioni mchukuzi angetoka nacho, kikabidhiwe watu wa nje waliokuwa wanamsubiri na ndege ndogo. Kikivuka maji, hakirudi.

"Mchukuzi ni nani?" Verity aliuliza.

"Hatujui. Mwanamume au mwanamke, hatujui. Amejipenyeza pale miezi miwili sasa, na wote wanamwona mwenyeji. Nina vijana wanne na kanisa lina milango chungu nzima. Niambie nimkamate nani."

"Silaha?"

"Una mwavuli wako?"

"Ninao."

"Basi."

Mwavuli ule ulikuwa Fulton mweusi, wa kawaida kabisa ukiutazama. Kitufe cha kwanza kiliufungua. Cha pili, kilichofichwa chini ya ngozi ya mpini, kilirusha ncha yake ya chuma kwa nguvu ya kuvunja mfupa. Na lulu ya sikio la kushoto haikuwa lulu. Verity aliigusa mara mbili, Mjomba akakohoa ndani yake, wakawa hewani.

Alirudi garini na pipi zake. Giles akawasha gari.

Walipoingia kanisani, mwanamke alitoka mbio nyuma ya nguzo huku amenyoosha mikono.

"Gilly!"

Sasa hapo naomba tusimame kidogo. Giles Ashdown alikuwa na miaka arobaini na tano, na Verity hakuwahi kusikia mtu akimwita Gilly. Mama yake mzazi hamwiti hivyo. Na huyu hakuishia kuita. Alimbusu shavuni, busu lililokaa pale muda mrefu kuliko inavyostahili busu la salamu, na Giles akawa mwekundu hadi masikioni.

"Vee, huyu ni Roz. Rosamund Pell. Tulisoma chuo pamoja. Aliniandikia juzi. Nilikuambia."

Hakumwambia. Neno moja hakumwambia.

Rosamund alikuwa mrefu, kavaa ule mshipi mpana wa bluu unaovaliwa begani na waongoza wageni wa kujitolea. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi, naye ameziacha hivyo hivyo, na zilimpendeza. Hilo ndilo lililomuuma Verity zaidi. Yeye zake anazipaka rangi bafuni kila mwezi, mlango ameufunga.

"Nimehamia hapa Juni," Rosamund alisema. "Baada ya talaka. Nikasema, kuliko kukaa ndani kulia, bora nikaonyeshe watu makaburi."

Juni. Miezi miwili.

Verity alihesabu. Ukweli usemwe, wivu ndio uliopiga hesabu ile kwanza. Kazi ilikuja nyuma.

Ziara ikaanza. Rosamund mbele na Giles kando yake, bega kwa bega, wakinong'onezana na kucheka kicheko cha watu wenye mambo yao. Verity alibaki nyuma na mwavuli wake. Angebaki peke yake kabisa kama si mzee mmoja nadhifu, koti la Barbour la kijani, chupa ya Thermos mkononi, aliyekuja kumpa mkono.

"Lionel Frayne. Rafiki wa Rosamund. Naona wametusahau."

Bwana Frayne alikuwa mtu wa kupendwa papo hapo. Alisimulia kwamba aliimba kwaya ya kanisa lile utotoni, miaka mitano mizima, sala ya jioni kila siku ya Mungu, masika na baridi, soksi zikiwasha. Alimwonyesha mahali alipochonga herufi za jina lake kwenye mbao za viti vya kwaya, akamsimulia na kofi alilopigwa kwa sababu hiyo. Alimwonyesha na mito ya kupigia magoti, iliyotariziwa na kina mama wa kanisa, kila mmoja na mnyama wake.

"Huu wa korongo mwekundu ndio wangu. Mtu akiuwahi, nanuna hadi Jumapili."

Verity alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Moyoni alimshukuru. Angalau mtu mmoja kaniona, aliwaza.

Mkahawani ndiko alikochomwa zaidi. Walikaa wanne, chai, skonzi, jamu na malai. Giles alichukua kisu, na kabla hajagusa kitu Rosamund akaangua kicheko.

"Usiniambie bado unatanguliza jamu."

"Jamu kwanza," Giles alisema. "Sibadiliki."

"Tuligombana wiki nzima kwa ajili ya skonzi," Rosamund alimwambia Verity. "Wiki nzima hatusemezani. Mwenzio ana kichwa kigumu huyu."

Mwenzio. Eti anafundishwa mume wake. Verity alipaka malai kwanza, kwa makusudi, akala bila kuhisi ladha.

Baada ya chai aliwafuata kwa jicho la pembeni. Na aliyoyaona yalimtosha. Rosamund alikuwa na funguo kiunoni. Alifungua stoo ndogo, akaingia na mfuko, akatoka amekumbatia mito miwili ya kupigia magoti, akaenda kuipanga kwenye viti vya kwaya. Alipoulizwa na mwenzake alisema ilikuwa imeshonwa upya. Mto unaweza kuficha kiberiti bila shida. Swali jingine likamjia Verity, baya kuliko yote: na Giles? Nani aliyetoa wazo la kuja hapa leo?

Akageukia ukuta, akagusa lulu.

"Mjomba. Nimempata."

"Sema."

"Mwanamke. Mwongoza wageni, mrefu, mvi, mshipi wa bluu. Amekuja mjini Juni. Ana funguo. Atatoka mlango wa magharibi na wageni wake."

"Una uhakika?"

"Mia kwa mia."

"Unamjua kwa namna yoyote nje ya kazi?"

Verity alimtazama Rosamund akimtoa Giles uzi kwenye kola ya shati.

"Simjui," alisema.

"Sawa. Wote wanne wataenda magharibi."

Kengele zikalia. Watu wakaingia kwa sala ya jioni.

Viti vya kwaya vya Ormchester vinatazamana, safu hii na ile, njia katikati. Verity alijikuta upande mmoja peke yake. Ng'ambo, uso kwa uso naye, walikaa watatu: Giles, Rosamund, Bwana Frayne. Korongo mwekundu alikuwa sakafuni, mbele ya miguu ya mzee. Waimbaji wageni wakaingia, maana wenyeji Agosti wako likizo, na zaburi zikaanza.

Verity hakusikia zaburi. Alikuwa anatazama mkono wa Rosamund, ulivyolala kwenye mbao, na mkono wa Giles, ulivyolala kando yake, na nafasi iliyobaki kati ya mikono hiyo. Ilikuwa ndogo. Aliilinda nafasi ile kwa macho kuliko alivyowahi kulinda mpaka wa nchi.

Kisha ikafika Kanuni ya Imani.

Hapo watu wote husimama na kugeukia mashariki, kwenye altare. Hakuna anayetangaza, wala haikuandikwa kwenye kijitabu. Aliyekulia humo mwili wake unageuka wenyewe, hata kama imani ilimtoka zamani. Giles, asiyeamini hata utabiri wa hali ya hewa, aligeuka, kwa sababu shule yake ilimfundisha hivyo. Rosamund aligeuka, midomo ikitamka maneno bila kusoma. Nyuso zote za ng'ambo zikawa za ubavu.

Uso mmoja ukabaki.

Bwana Frayne alikuwa bado anatazama mbele, moja kwa moja kwa Verity, na tabasamu lake la upole. Ndipo akaona visogo na masikio. Akaangaza kulia, akaangaza kushoto, akageuka upesi.

Amechelewa.

Miaka mitano ya sala ya jioni, kila siku ya Mungu. Mtoto wa kwaya angegeuka hata usingizini. Hakuwahi kuimba hapa huyu. Hakuwahi kusali popote pale.

Na mimi nimewapeleka vijana wote kwa Rosamund, aliwaza. Kwa sababu ya uzi kwenye kola.

"Tuombe," kasisi alisema, na kanisa zima likapiga magoti. Bwana Frayne alishuka wa mwisho. Mkono wake wa kulia ukaingia chini ya korongo, ukakaa kidogo, ukatoka umefumba. Ukaenda mfukoni.

Verity aliinamisha kichwa, mtu angedhani anatubu. Na kusema kweli hakuwa mbali.

"Mjomba. Badilisha."

"Rudia."

"Si mwanamke. Ni mzee aliye kando yake. Barbour ya kijani."

"Vijana wako magharibi. Wewe ndiye uliyewaweka."

"Najua."

"Ulisema mia kwa mia."

"Najua, Mjomba. Walete kwenye varanda la matao. Upande wa kusini."

"Dakika tatu."

"Hatunazo."

Kwaya ilisimama kuimba. Bwana Frayne alikohoa, akaweka leso mdomoni, akashika kifua kuomba radhi, akateleza nje kwa mlango mdogo wa kusini. Rosamund alimtazama kwa huruma. Akaona Thermos imesahauliwa kitini. Akaichukua, akajitupia koti la mvua mabegani, akamfuata.

Na Giles akainuka, akamfuata Rosamund.

Verity alimwona mumewe akiondoka nyuma ya mwanamke mwingine, hadharani, katikati ya wimbo. Roho ilimuuma kweli kweli. Akachukua mwavuli, akazunguka kwa mlango wa pili, mbio.

Varanda la mawe lilikuwa tupu na lenye baridi, matao upande mmoja, bustani na mvua upande wa pili. Bwana Frayne hakuwa mzee tena. Mgongo ulikuwa umenyooka, hatua ndefu, saa ya Omega iking'aa mkononi. Nje ya lango la mwisho, Volvo nyeusi ilikuwa inaunguruma.

"Lionel," Rosamund aliita nyuma yake. "Umeacha chai yako."

Mtu yule akageuka, na wakati huo huo Verity akatokea kwenye tao la mbele, kati yake na lango.

"Kitoe mfukoni, Bwana Frayne. Taratibu."

Alikuwa mwepesi. Kabla neno halijaisha alikwishamvuta Rosamund kifuani, na Glock ilikuwa shingoni mwa mwanamke yule, juu tu ya mshipi wa bluu.

"Bibi Ashdown," alisema, na sauti yake ilikuwa na mshangao wa kweli. "Nilidhani wewe ni mke tu. Mke aliyenuna mchana kutwa. Nilikuonea huruma."

"Niliipokea."

"Shusha mwavuli. Pisha njia."

Viatu vikapiga mawe nyuma yao. Giles. Akaona bastola, akasimama, uso mweupe.

"Roz," alisema.

Mkewe alikuwa amesimama pale pale, mikono mitupu isipokuwa mwavuli, mbele ya mtu mwenye silaha. Na jina lililomtoka mumewe lilikuwa Roz.

Kwa pumzi moja Verity alitamani ile risasi itoke. Tusizunguke, ndivyo ilivyokuwa. Alitamani mshipi ule wa bluu ulale chini na jina Gilly lilale nao. Halafu akaona kwamba Rosamund bado ameikumbatia Thermos. Anatetemeka, macho yamemtoka, na bado ameikumbatia chai ya mtu ili isimwagike. Aibu ilimshika Verity, na aibu ile ikamrudishia akili.

Alimtazama Rosamund machoni. Kisha, kwa sauti ya chini, tulivu, kwa lahani ile ile ya kasisi, akasema:

"Tuombe."

Magoti ya Rosamund yakajikunja yenyewe. Alishuka kama walivyoshuka wote dakika chache zilizopita, na mkono uliomshika ukabaki umeshika koti tupu la mvua. Kwa mara ya pili siku ile Bwana Frayne alibaki juu peke yake.

Kitufe cha pili.

Ncha ya Fulton ilimpiga kifundo cha mkono. Mfupa ukalia. Glock ikateleza kwenye mawe yenye maji hadi bustanini. Hatua mbili, mpini nyuma ya goti, na mtu akalala kifudifudi huku goti la Verity likiwa mgongoni pake. Mkanda wa plastiki ukatoka kwenye mkoba, katikati ya rangi ya mdomo na risiti za mkahawa, ukafunga vidole gumba vyake pamoja. Kifaa kilikuwa mfuko wa ndani, kimefungwa kwenye karatasi ya pipi za mnanaa.

"Nimekosea wapi?" aliuliza, shavu likiwa kwenye jiwe.

"Umechelewa kugeuka."

"Kugeuka wapi?"

Hadi hapo hakujua. Vijana wanne walikuwa wanaingia mbio, wawili wakamchukua, wawili wakapita kuelekea lango, na Volvo iliyotaka kuondoka haikufika mbali. Ndani, kwaya ilikuwa haijamaliza hata wimbo.

Verity alimwinua Rosamund, akampangusa magoti. Kulikuwa na jambo alilopaswa kumwambia, kwamba angekamatwa yeye mlangoni mbele ya wageni wake, na kwa nini. Halikutoka. Alimwambia tu, "Samahani." Rosamund hakujua anaombwa radhi ya nini.

Giles alikuwa hajasogea.

"Vee," alisema. "Hili ni daraja gani?"

Simu ikaita kwenye mkoba kabla hajajibu. Wote watatu waliisikia. Giles akacheka kidogo, kicheko kibaya.

"Ndiye yeye, siyo? Huyo anayekupigia. Unatoka kwenda bustanini kumpokea, hata mvua inanyesha. Nilidhani una mtu, Vee. Nimeishi na hilo mwaka mzima. Roz alipoandika nikamjibu. Nilitaka nawe uone inavyouma."

"Imeuma," Verity alisema.

"Nimejipaka manukato bure," Rosamund alisema, akijifuta macho kwa mshipi wake. "Kutwa nzima, 'Vee hivi, Vee vile, unadhani Vee ananipenda?' Nimechoka na habari zako, bibie. Mimi mwenyewe nilikuja hapa kujaribu bahati yangu, na sioni haya kusema." Akafungua Thermos, akanywa, akakunja uso. "Hata chai hajui kutengeneza, mshenzi yule."

Simu bado ilikuwa inaita. Verity aliitoa mkobani. Kanuni ya idara iko wazi, simu ile haiguswi na mtu mwingine yeyote, mume akiwemo, mume hasa. Alimtazama Giles alivyoloa kwa mvua iliyopeperushwa ndani ya matao, nywele zimemlala kipajini, mwalimu wa jiografia aliyemkimbilia mtu asiye mkewe.

Akamwekea simu mkononi.

"Mpokee mwenyewe," alisema.

Aliokota mwavuli, akabonyeza kitufe cha kwanza, akaanza kutembea kuelekea lango, polepole, bila kugeuka. Nyuma yake alimsikia Giles akisafisha koo.

"Hallo? ... Hapana. Mimi ni mume wake." Akasikiliza. "Yuko likizo."

Mvua ilikuwa imeamua kunyesha kweli. Verity alitembea na kusikiliza kama alivyofundishwa, idadi kwanza, kisha mwendo. Viatu vilianza kupiga mawe nyuma yake. Vya mtu mmoja, soli nene, mguu wa kushoto ukiburuza kidogo.

Aliujua mwendo ule. Akausogeza mwavuli upande mmoja, pakawa na nafasi.